Shahidi wa Mwamini

Mwamini alikuwa fundi wa kushona katika mtaa wa Dilala, katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, na mwanamke aliyetaka kupendeza harusini alijua pa kupeleka kitambaa chake. Mumewe, Yassini, alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno matamu mbele za watu. Ndani ya nyumba mkono wake ulikuwa mwepesi. Majirani walisikia, wakaongeza sauti ya redio.

Alimvunja mkono mchana kweupe. Mwamini alikuwa amezungumza kwa simu na mteja mwanamume, basi. Yassini akashika chuma cha kufungulia magurudumu. Mama yake, Mama Aicha, aliyeishi nao, alikuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo.

Kutoka hospitali Mwamini alikwenda moja kwa moja polisi, mkono ukiwa na plasta.

“Mama, hii ni mambo ya bwana na bibi,” askari wa zamu alimwambia. “Muende mupatane ku nyumba.”

“Tulishapatana mara mingi. Kila mara tukipatana, ananipiga tena. Leo uniandikie.”

Hakuinuka mpaka mkuu wa kituo alipochoka kumpita, akaagiza maelezo yake yachukuliwe.

Sadiki, kaka mkubwa wa Yassini, alikuja na wazee wa ukoo. “Shemeji, uondoe ile plainte uliandikisha ku polisi. Mama yeye mwenyewe atasema ulianguka.”

Mwamini alimgeukia mama mkwe wake. Mama Aicha akainamisha macho. Hilo lilimuuma Mwamini kuliko kile chuma.

“Siiondoi,” alisema. “Hata nikibakia peke yangu.”

Mahakamani Yassini alisimama mbele ya hakimu akiwa na shati lililopigwa pasi vizuri. “Alianguka, Tata Juge. Muulize mama yangu.”

Mama Aicha akaitwa. Alisimama huku ameshikilia kiti cha mbele yake.

“Sadiki aliniambia niseme alianguka,” alisema. “Haiko vile. Ni mutoto wangu njo alimuvunja mukono. Mi nilikuwa pale, niliona na macho yangu. Na baba yake alikuwa ananipigaka vilevile, nikanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza.”

Sadiki alitoka nje bila kusubiri hukumu. Yassini akafungwa.

Mwamini hakushangilia. Aliwahi kumpenda mtu yule, na kilio chake alipokuwa akipelekwa nje kilimfikia. Alimshika mkono Mama Aicha wakarudi nyumbani. Sadiki na Yassini waliposema hawana mama tena, Mwamini alisema yeye bado anaye, na bibi huyo anakaa kwake mpaka leo.

Mwaka uliofuata alikuja Valérie, mtafiti wa chuo kikuu, akikusanya habari za wanawake waliopigwa na waume zao, na namna polisi na mahakama zilivyowapokea. Akaeleza kuwa majina hayataandikwa.

“Juu ya nini?” Mwamini akauliza. “Jina yangu iko ku tribunal tayari, hakimu alishaisikia. Uiandike.”

Valérie alicheka, kisha akaeleza kwamba kanuni hiyo inawalinda wote, hata wale ambao bado wanaishi na wanaowapiga. Mwamini akakubali, si kwa kupenda sana.

“Je, mahakama ilikusaidia?”

“Prison yake ilinipatia nafasi ya kupumua. Lakini kama mama mukwe hakusema, watu bangeniita muongo. Uandike hivi: mwanamuke anahitaji mutu wa kusimama naye.”

Valérie aliandika, halafu akamwomba amsindikize mtaa wa Musonoi kuzungumza na wanawake wengine.

Huko, mke wa mchimbaji mmoja alijibu kila swali kwa “hapana”, macho yake mlangoni. Valérie hakumlazimisha. Walipoinuka kuaga, mwanamke yule alimvuta Mwamini kando.

“Weye, uliogopa?”

“Sana. Nilienda na woga yangu vilevile.”

Mwanamke alirudishia mlango. “Na mutu akienda ku polisi, bako banamuuliza nini?”

Mwamini akaketi tena, akamweleza yote pole pole, pamoja na yale yaliyomkera. Jumatatu iliyofuata alipanda pikipiki hadi Musonoi kumchukua, wakaenda polisi pamoja.