Talaka Aliyoiandika Rachida

Rachida Gharsalli aliipenda kazi yake na alijua kuwa anaiweza. Kwa miaka kumi na tisa alitoa vyeti vya ndoa, vizazi na vifo katika ofisi yetu ndogo, nje kidogo ya mji wa Kairouan, Tunisia, na meza yangu ilikuwa ubavuni pake. Programu mpya ya kompyuta ilipoletwa, yeye ndiye aliyetufundisha sisi wengine.

Asubuhi moja ya msimu wa zeituni akaja Hajj Abdelwaheb, fundi viatu mstaafu aliyefiwa na mkewe kiangazi kile. Akaisukuma karatasi kwenye dirisha la Rachida.

“Binti yangu, hapa mmeandika nimemwacha mke. Sikumwacha. Alifia mikononi mwangu.”

“Kompyuta haisahau, Hajj. Watu ndio husahau.”

“Shemeji zangu wameiona. Wanasema nilimpa dada yao talaka akiwa hoi kitandani. Hata salamu yangu hawaitikii.”

Rachida akaitazama foleni ilivyorefuka. “Basi labda uliitamka siku ya hasira, ukadhani hakuna aliyesikia!”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sifichi. Mzee akaikunja karatasi, akaikunja tena, akatoka bila kuaga.

Alasiri Rachida alikuwa akijaza fomu ya mwanamume mwingine aliyefiwa. Kwenye orodha ya hali ya ndoa alichagua “amefiwa”, kisha akazungusha gurudumu la kipanya ili ashuke chini ya ukurasa. Ukurasa haukusogea. Kilichosogea ni ile orodha: “amefiwa” ikageuka “ameacha”, kimyakimya. Akairudisha, akazungusha tena. Ikageuka tena.

“Salwa,” akaniita kwa sauti ndogo, “njoo uone nilichofanya.”

Tulikagua kumbukumbu zote tangu programu ile ianze. Wafiwa kumi na mmoja alikuwa amewaandikia talaka.

“Dada, kosa ni la programu,” nikamwambia.

“Programu haikumcheka mzee wa watu.”

Kesho yake, kabla ofisi haijafunguliwa, tulikwenda kwa Hajj na cheti kipya. Alitusimamisha mlangoni.

“Nisamehe, baba. Mkono wangu ndio uliokosea, na mdomo wangu ukaongeza.”

“Uliniaibisha mbele za watu,” akasema Hajj. “Hapa tuko watatu tu.”

Rachida akamwomba atupeleke kwa shemeji zake. Tuliwakuta shambani, wamepanda ngazi, wanachuma zeituni pamoja na majirani. Akasimama chini, akaeleza kwa sauti ili wote wasikie.

“Gurudumu?” akauliza Ferjani, shemeji mkubwa. “Gurudumu gani hilo linaloacha wake za watu?”

Wachumaji wakacheka. Rachida akaeleza upya, machozi yakimlenga, kisha mara ya tatu. Mwishowe Ferjani akashuka, akasoma cheti kipya, akambusu Hajj kichwani. Rachida hakuambiwa neno.

Wale kumi waliobaki aliwaendea mmoja mmoja. Kuanzia hapo hakuchapa cheti kabla mwenyewe hajasoma kilichoandikwa kwenye skrini. Waliotengeneza programu waliirekebisha baada ya miezi mitano.

Lakini Hajj, kila alipohitaji karatasi, alipanga foleni kwenye dirisha langu, hata la Rachida likiwa tupu. Nami nilimhudumia, nikishindwa kumwambia kwamba siku ile nilicheka pia. Rachida aliinamia meza yake, akapanga faili zilizokwisha kupangwa, mpaka mzee atoke.