Alama za Huruma

Wahadhiri walimbandika jina la Pilipili, naye hakulikataa. Kazi yake pale chuoni ilikuwa kuwasaidia kupanga masomo yao ili mwanafunzi asiyeona, asiyesikia au anayetembelea kiti cha magurudumu asome kama wenzake. Ukimwuliza amefanya nini miaka yote hiyo, atakujibu kwamba amegonga milango.

Hasira yake ilikuwa na asili. Kaka yake mkubwa alikuwa kiziwi, hodari wa kusoma maneno midomoni mwa watu. Alipofika chuo akakuta wahadhiri wanafundisha huku wameuelekea ubao. Muhula mzima kijana wa watu alisoma migongo. Akafungasha, akarudi nyumbani, akajifunza kuchomelea mageti. Hakuna aliyeilaumu migongo. Walisema masomo yamemshinda. Pilipili, wakati huo bado mtoto wa shule ya msingi, aliisikia kauli hiyo ikamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mama yao alizoea kumwonya, "Hasira hasara, mwanangu." Naye humjibu, "Hasara tulishaipata, mama. Sasa niache na hasira."

Siku moja binti wa mwaka wa pili, asiyeona, aliingia ofisini kwake, akapapasa kiti, akakaa na kukunja fimbo yake.

"Shikamoo. Nimepata themanini kwenye takwimu."

"Marahaba. Hongera basi."

"Hongera ya nini? Huo mtihani sikuufanya."

Mhadhiri wa takwimu alikuwa akipiga picha kurasa za kitabu chake cha zamani na kuwatumia wanafunzi. Kompyuta ya binti ilikuwa na programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, lakini mbele ya picha ilikuwa bubu. Kila ukurasa ilitamka "picha", basi. Darasani nako mhadhiri alichora grafu ubaoni akasema, "Inapanda hapa, halafu inashuka pale." Hapa wapi, pale wapi, Mungu ndiye ajuaye. Siku ya mtihani akamshika binti bega, akamwambia akapumzike, alama atapewa.

"Siku nikiajiriwa nikaulizwa grafu," binti akasema, "nijibu kwamba nilihurumiwa?"

Pilipili alisimama, akamwomba wafuatane.

Mhadhiri wa takwimu alikuwa mcheshi, mtu wa salamu ndefu. "Karibuni, karibuni. Dada, leo umeniletea tabasamu?"

"Nimekuletea kazi yako." Akaiweka kompyuta ya binti mezani, akafungua somo la kwanza.

"Picha," ikasema kompyuta. "Picha. Picha."

Mhadhiri akacheka. Alicheka peke yake.

"Sasa mimi nifanyeje, dada? Darasa limefurika. Na huyu nimemsaidia, nimempa alama kuliko wengi."

"Umempa alama kama mtu anavyompa nauli mgeni asiyemtaka, ili aondoke." Pilipili akaigonga meza kwa kidole. "Kafika chuo kwa akili zake, wewe unamfanya ombaomba."

"Unanivunjia heshima mbele ya mwanafunzi."

"Na ulipomshika bega mbele ya darasa zima, heshima yake ilikuwa wapi?"

Kabla mhadhiri hajajibu, binti akasema taratibu, "Mwalimu, naomba uifute hiyo themanini. Halafu unifundishe."

Hapo ucheshi ukamwisha. Akajikuna kidevu, akakiri kwamba hajui pa kuanzia.

"Hujui," Pilipili akasema, "na ofisi yangu iko mlango wa pili."

Wakaanza, huku wamenuniana. Masomo yakachapwa upya kwa maandishi, kila grafu ikaelezwa kwa maneno. Pilipili akabandika nyuzi kwenye kadi ngumu, vidole vya binti vikaufuata mstari unavyopanda na kuporomoka. Darasani mhadhiri akajifunza kutamka kila anachochora. Kwanza alinung'unika, baadaye wanafunzi wa viti vya nyuma, wenye macho yao mazima, wakamwambia kwamba sasa ndipo wanamwelewa. Binti akaufanya mtihani. Akapata hamsini na nane, akaitangaza bweni zima.

Kwenye kikao cha kufunga muhula, mkuu wa idara akamsifu mhadhiri kwa moyo wake wa huruma. Watu wakapiga makofi. Pilipili akanyoosha mkono.

"Huruma alikuwa nayo mwanzo, na ndiyo iliyomharibia binti wa watu. Safari hii amefundisha. Ndiyo kazi aliyoajiriwa."

Makofi yakakatika. Mkuu akatazama karatasi zake. Mhadhiri wa takwimu akainamisha kichwa, kisha akasema, "Ni kweli," kwa sauti ndogo ambayo waliokaa karibu tu waliisikia.

Kikao kilipovunjika, Pilipili alimwahi mhadhiri wa kemia mlangoni. Meza za maabara yake zilikuwa za juu mno, na kijana mmoja wa kiti cha magurudumu alikuwa akishinda humo akitazama wenzake wakichanganya dawa.

"Nina haraka kidogo," mhadhiri wa kemia akasema.

"Hata mimi," akajibu Pilipili, na hakutoka mlangoni.