Shati Lililorudishwa

Katika kanisa letu la Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, mtu hasimami kushukuru mikono mitupu. Ukishukuru kwa mtoto kupona, unaleta yai. Ukishukuru kwa mvua, unaleta kikombe cha mahindi. Ibada ikiisha, shemasi Bucumi huviinua vitu kimoja kimoja na kuvinadi, na kinachopatikana kinaingia kwenye bati la paa ambalo tunalijenga tangu sijui lini. Tuna desturi nyingine pia, tuliyotoka nayo Fizi, kwetu Kongo. Ukimwonea mtu huruma, unanunua kitu chake kisha unamrudishia palepale, mbele ya watu. Kitu kilichorudishwa namna hiyo kimetoka madhabahuni: hakiuzwi tena, hakitolewi tena, wala hapewi mtu mwingine. Mimi nina sufuria niliyorudishiwa mwaka niliofiwa na mume wangu. Imetoboka, haipiki wala haichoti maji, na bado siwezi kuitupa.

Nayasema haya mapema ili mjue kwamba nilichofanya nilikifanya kwa desturi.

Vénérande ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Kwao ni karibu na Mboko, ufukweni mwa ziwa Tanganyika, na kazi yake ni kushona. Vita vya pili vilipowaka, mwaka wa tisini na nane, alivuka ziwa na mtoto wao Jules, wa miaka miwili. Mumewe, René, alibaki ili akamteremshe mama yake kutoka milimani. Aliwaambia watangulie, angewafuata wiki hiyohiyo. Jules alikufa kwa kuhara katika kambi ya Tanzania, lakini sisi tuliendelea kumwita Vénérande Mama Jules, maana jina la mtoto halizikwi. Siku alipofika Dzaleka nilikuwa nachota maji. Nikamwona amefunga mgongoni kichwa cha cherehani, kwa kitenge kilekile alichombebea mtoto.

Jumapili yake ya kwanza alisimama, mkononi ana sindano moja yenye uzi.

“Namushukuru Mungu juu ya ile imebakia,” akasema, akaketi.

Basi ikawa ndiyo hiyo kila Jumapili. Upepo ulipobeba nyasi za paa lake, alishukuru kwa kuta. Wezi walipomwibia kuku wote isipokuwa tetea mmoja, alishukuru kwa tetea, na akamtoa huyohuyo sadaka. Nakiri ilinikera. Mimi ni mtu wa hasira, na shukrani nyingi hunichosha kuliko njaa.

“Mama Jules,” nikamwambia siku moja, “Mungu akikusikia hivi ataona ungali na vingi.”

Akacheka. “Mama Kelly, we unamuogopaka Mungu kama polisi.” Kisha akaacha kucheka. “Mi nikiacha kushukuru, nitaanza kuhesabu ile imepotea. Na nikianza kuhesabu, sitaamuka tena asubui.”

Tangu siku hiyo nilimwacha ashukuru, kwa kuwa nilielewa kwamba ndicho kinachomsimamisha.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka wa elfu mbili na moja, aliletewa barua kupitia kwa watu wanaowatafutia wakimbizi jamaa zao. Mwandiko ulikuwa wa René mwenyewe. Yu hai, yuko Uvira, mama yake amefariki, anatafuta njia ya kuja. Jumapili hiyo Mama Jules hakusema habari ya kilichobakia. Alisema, “Namushukuru Mungu juu ya René,” akalia, na sisi tukapiga vigelegele hadi mbwa wakabweka. Hata mimi nilipiga.

Tukapanda gari la mizigo, wenyeji wanaliita matola, tukaenda naye Lilongwe. Kwanza alipeleka jibu katika ofisi moja ya City Centre, halafu tukateremka sokoni kutafuta kitambaa. René alikuwa mwimbaji wa besi, na alikuwa amezoea kuimba na shati jeupe la mikono mirefu. Mama Jules alichagua popelini nzuri kupita uwezo wake. Mwuzaji akauliza huyo bwana ana ukubwa gani. Mama Jules akaunganisha vidole gumba, akafanya duara kwa mikono miwili.

“Shingo ya René inaenea hapa,” akaniambia. “Hii mikono haiwezi kusahau.”

Mwuzaji alipoliona duara lile, akasema kwa Kichewa kwamba hiyo ni shingo ya ng'ombe. Tulicheka njia nzima, wanawake wawili wazima juu ya magunia ya mbolea.

Shati alilishona siku nne. Akalitundika kwenye msumari juu ya cherehani, akalifunika kwa karatasi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata akafika Esperance, mwanamke wa Uvira, na watoto wake. Alipouliza nyumba ya mke wa René, mimi ndiye niliyempeleka. Laiti ningejua. Aliketi, akanywa maji, ndipo akasema bila kumtazama mtu.

“Alikufa mwezi wa sita, mwaka jana. Ni malaria, na dawa haikukuwa. Tulimuzika sisi benyewe.”

Mama Jules akaitoa barua ndani ya Biblia, akatazama tarehe. Iliandikwa mwezi wa tatu. Ilikuwa imezunguka miezi minane katikati ya majeshi hadi kumfikia.

“Nilisimama kanisani,” akasema. “Nilishukuru, bote bakapiga vigelegele. Na yeye alikuwa kwa kaburi.”

Jumapili iliyofuata alikuja na lile shati, limekunjwa vizuri. Alisimama zamu yake ilipofika. Tulimngoja. Akafungua kinywa, akakifunga, akaliweka shati mezani bila neno, akarudi kuketi.

Mnada ulipoanza, maboga yalikwenda upesi, na mayai. Bucumi akaliinua shati kwa mabega. Lilikuwa kubwa, jeupe, halijawahi kuvaliwa. Wanaume wakaangalia chini. Katika kambi nzima hapakuwa na shingo ya kulijaza, na tena nani avae nguo ya marehemu mbele ya mjane wake? Bucumi akanadi mara moja, mara mbili. Sikuweza kustahimili. Nikasimama nikataja bei, nikatoa nilichokuwa nacho, nikalichukua shati na kumwekea Mama Jules mapajani. Kanisa zima likapumua. Wengine wakasema amina.

Alilikunja upya.

“Aksanti, Mama Kelly,” akasema.

Jumapili iliyofuata hakusimama. Wala ile nyingine. Nikaenda kwake. Shati lilikuwa kwenye msumari wake, bila karatasi, na cherehani chini yake imeshika vumbi. Nikamwuliza kama nimemkosea. Alisema hapana, lakini sikuondoka.

“Nilitaka mutu mwingine alivae,” akasema mwishowe. “Hata kama ni kubwa. Nimuone anapita nalo hapa njiani, mutu muzima, anapumua. Njo ningeshukuria ile.”

“Basi nipe. Nitamtafutia mtu leo.”

“Mama Kelly. Limetoka kwa madhabahu.”

Nikasema madhabahu gani, ni desturi ya watu tu, nikasema maneno mengi. Alitikisa kichwa. Yeye alikulia ndani ya desturi ile kama mimi nilivyokulia, na mimi mwenyewe, mwenye kusema maneno mengi, nina sufuria iliyotoboka nyumbani. Nilitoka pale nimejaa uchungu. Nililotaka lilikuwa wema, nami ndiye niliyemfungia mlango.

Hivi sasa ni mwaka wa elfu mbili na tatu. Wanasema huko kwetu vita vinakwisha. Mama Jules bado anakuja kanisani, kwa kuwa namwamsha. Nagonga ukuta asubuhi, nangoja, nagonga tena. Mimi niliyechoshwa na shukrani zake, sasa kila Jumapili ninatia yai mfukoni na kuketi karibu naye, ili endapo atataka kusimama, asikose kitu mkononi. Bucumi huuliza kama yupo mwingine wa kushukuru, akitazama benchi letu. Huuliza mara tatu. Kisha mimi hurudi nyumbani na yai langu.