Hesabu Mizunguko Kabla ya Kufunga

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka uso unaniwaka kwa aibu, hata sasa nimeota mvi. Ilikuwa Kapata, mtaa wetu wa wafanyakazi wa migodi, miaka ile kampuni ya migodi ilipokuwa inakufa na watu wa Kasai wakifukuzwa Katanga, hata wale waliozaliwa humu humu. Jirani aliyekuomba chumvi juzi, leo anakuambia urudi kwenu. Stesheni ilijaa familia zilizokaa juu ya mizigo, zikingoja treni isiyojulikana itakuja lini.

Tata Mukendi, fundi wangu niliyemwita tata, yaani baba, alikuwa mmoja wa hao. Alinifundisha magari, mimi mtoto wa Katanga, bila kuniuliza kabila hata siku moja. Alikuwa na pikapu kubwa ya mizigo, lakini ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na njia ya Kasai ni mchanga na matope. Yeye, mkewe Mama Ngalula na watoto wao watano wangekwama. Basi akaamua tuigeuze iwe katkat, magurudumu yote manne yasukume. Kwa kuwa alikuwa anahangaika kutafuta mafuta, kazi ya magurudumu ya mbele aliniachia mimi.

Nilifurahi mno! Mimi nilikuwa kijana asiyeweza kuona kitu kimefungwa bila kutaka kujua ndani kuna nini. Kwenye lori bovu huko Mutoshi nilipata ponti ya mbele, ule mhimili wa magurudumu wenye gia zake tumboni. Nikaifungua, nikayashika meno yake, nikaligeuza hili na lile. Raha iliyoje! Lakini udadisi wangu ulikuwa wa macho tu. Tata alikuwa ameniagiza: kabla ya kufunga, inua gurudumu moja kwa jeki, lizungushe mara mbili, kisha hesabu kardani, ile fimbo ya chuma inayoleta nguvu kwenye ponti, imezunguka mara ngapi. Fanya hivyo nyuma, fanya na mbele. Hesabu zikitofautiana, usifunge.

Mimi nikaona bolti zimeingia vizuri, nikajiambia na gia zitapatana. Mdharau mwiba mguu huota tende.

"Ulihesabia?" Tata akaniuliza jioni ile.

"Ndiyo, tata," nikajibu, nikiona haya kusema bado.

Tukaijaribu kwenye matope. Mwanangu, ilipanda kama mbuzi! Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Ila tuliporudi kwenye barabara kavu, usukani ukawa mzito, na chini kukatoka mlio wa kuguna. Tata hakuusikia, kwa kuwa alikuwa nyuma na mizigo. Mimi niliusikia. Nikajiuliza, kwa nini kwenye tope inacheka na kwenye ardhi kavu inalia?

Swali hilo lilininyima raha. Asubuhi ya safari, Tata na watoto wakipakia magodoro, nilijipenyeza chini ya gari nikahesabu. Nyuma, kardani ilizunguka mara nne na kidogo. Mbele, mara tano kamili. Nikaelewa papo hapo. Ilikuwa kama watu wawili waliobeba kitanda kimoja, mmoja anatembea na mwingine anakimbia. Tope huteleza, kwa hiyo huwasamehe. Ardhi kavu haisamehe, na gia zingevunjika kabla hawajafika mbali.

Magari mengine matatu ya Wakasai yalikuwa yameshawashwa, waende pamoja kwa usalama. Mama Ngalula alikuwa ameketi ndani, mtoto mgongoni. Nikisema, wataachwa na wenzao. Nikinyamaza, watakwama porini. Nikatoka chini ya gari, nikamwendea Tata.

"Tata, mushuke. Mi sikuhesabia. Nilikudanganya."

Hakunipiga. Aliwapungia mkono wale wenzake waondoke, akawatazama hadi wakapotea, kisha akanigeukia.

"Kukosea haiko mubaya," akasema. "Bale banatufukuza, banasema waziwazi. Weye uko unatupenda, na ungetuua mu pori juu ya kuona haya tu."

Nililia, mwanangu, mbele ya watoto wake.

Kazi ya kurekebisha ilituchukua siku tatu. Tulirudi Mutoshi, tukatoa ponti ya nyuma ya lori lilelile, ili mbele na nyuma ziwe ndugu. Siku hizo familia ilijificha nyumbani kwetu. Vijana wenye fimbo waliowasaka Wakasai walipokuja, mama yangu alisimama mlangoni na mchi mkononi. "Humu iko batoto bangu," akawaambia, nao wakapita. Mama yangu ndiye aliyelipia uongo wangu kwa kifua chake.

Safari hii nilihesabu mbele ya Tata, kwa sauti, mara tatu. Nyuma tano kamili, mbele tano kamili. Akafuta mikono, akanipa jeki yake, wakaondoka peke yao.

Sikupata barua. Mpaka leo sijui kama walifika. Najua gari halikuwaangusha kwa sababu ya gia. Lakini waliondoka bila wenzao, na hilo ni langu, nitazikwa nalo.

Kwa hiyo nisikilize. Kuuliza si ujinga, na kukosea si dhambi. Unapopenda kujua kitu, kifuatilie hadi mwisho wake, hata penye kuchosha, hata penye kuhesabu. Na ukiulizwa jambo ambalo hukulifanya, sema hukulifanya, siku hiyohiyo, jambo likiwa bado dogo. Mficha uchi hazai. Ukichelewa, atakayeachwa njiani si wewe.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi, mwanangu, na mdomo usioona haya kusema "bado". Na wale wanaopanda gari ulilolifunga wewe, Mungu awafikishe.