Kinyozi Aliyeiga Kilio cha Binti wa Watu

Nozue Kiyohiko alikuwa kinyozi mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, na watu wa mtaa wa maduka nyuma ya stesheni ya Takaoka hawakuweza kusema kwa hakika walimfuata kwa kipi. Wembe wake haukumuumiza mtu. Ulimi wake uliwakata wale tu ambao hawakuwepo, kwa hiyo kila aliyekuwepo aliufurahia.

Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa anime, zile filamu za katuni za televisheni. Alikua akizitazama huku mama yake akifagia nywele sakafuni, akaoa akizitazama, na hata sasa, miaka hamsini na ushei, mvi zimemjaa kisogoni, alikuwa bado anarekodi zote za msimu mpya na kuzitazama asubuhi akinywa supu yake ya miso. Jumamosi benchi la dukani lilijaa watu ambao nywele zao hazikuwa na haja ya kukatwa. Walikuja kusikia Nozue anasemaje. Akisema hii itazameni, wanaitazama. Akisema achaneni nayo, hata kama wachoraji wake walikesha mwaka mzima, pale benchini imeshakufa na kuzikwa.

Jumamosi moja ya Februari, theluji imejaa hadi magotini nje ya mlango, kwenye kiti alikuwa amelala Mzee Kitsukawa, muuza tofu, vile vipande vyeupe laini vya maharage ya soya. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na ndevu zake zilinyolewa kwenye duka lile tangu enzi za baba yake Nozue. Kiti kilikuwa kimelazwa nyuma, taulo la moto limemfunika uso wote isipokuwa pua. Benchini alikaa Dobashi, dereva wa gari la posta, pamoja na wenzake wawili.

"Haya kinyozi," Dobashi akaanza, "ile mpya, *Binti wa Kengele*. Mke wangu analia nayo kila wiki mpaka wali unaungua. Wewe umeionaje?"

"Picha sina neno," Nozue alisema huku akikoroga povu la sabuni. "Shaba inavyomiminwa kwenye kalibu, utadhani cheche zitakurukia machoni. Muziki nao mzuri. Tena msichana anajifunza kusubu kengele za hekalu, kazi ya hapa hapa kwetu, nani ataikataa? Lakini jamani, ile sauti!"

"Sauti ya nani?"

"Ya huyo huyo binti! Wamemuokota wapi? Hukuiona sehemu ya tano, pale kengele inapopasuka? Eti ndiyo analia." Akaweka brashi chini, akajishika koo, akaachia: "Fu-u-undi! Imepasukaaa! Aaa-uuu! Nyaaau!"

Benchi lote liliangua kicheko. Dobashi alipiga paja lake. "Rudia, rudia! Kama paka aliyefungiwa kwenye pipa!"

Nozue akarudia, safari hii na kwikwi. Kwa pembe ya jicho aliona lile shuka jeupe la kinyozi kifuani pa Mzee Kitsukawa linatikisika. Mzee anacheka! Mzee Kitsukawa, ambaye hata kwenye sherehe za mtaa hutabasamu kwa upande mmoja tu! Nozue akavimba kichwa. Akamuinamia yule mzee kwenye taulo lake, akasema, "Au vipi, Mzee? Binti kama huyu, wewe ungempa hata kazi ya kuita wateja wa tofu? Si wangekimbia wakidhani duka linawaka moto?"

Chini ya taulo ikatoka sauti nzito: "Mimi mambo hayo siyajui."

Wakacheka tena. Nozue alipoliondoa taulo, aliyakuta macho ya mzee mekundu.

"Lilikuwa la moto sana? Samahani, Mzee."

"La, liko sawa."

Alinyolewa, akainuka, akainama kushukuru kama alivyoshukuru siku zote, akafungua mwavuli akaenda zake. Nozue alifanya kazi siku nzima akipiga mluzi.

Jioni, mkewe Fumie alirudi na kapu la vitu vya chakula, viatu hajavua vizuri, uso umechanua. "Baba," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu wapate watoto, "una habari? Ile yako ya kengele, unajua yule binti sauti yake ni ya nani? Ya Chihaya! Chihaya wa Kitsukawa! Anatumia jina lingine la kazi. Mama yake kaninong'oneza sasa hivi. Miaka yote ile Tokyo, anapewa sauti za wapita njia, sauti za kuku, leo ndiyo kapata kuwa mhusika mkuu. Wanaogopa kutangaza, wasije wakaonekana wanajigamba. Wewe kaa nayo hiyo, usiiseme benchini."

Nozue alikuwa ameshika vijiti vya kulia. Aliviweka chini. "Aisee," alisema.

"Aisee tu? Mtoto uliyemkata nywele wewe?"

Alikuwa amemkata nywele, naam. Alikuwa akimwekea ubao juu ya mikono ya kiti ili afikie kioo. Na alipokuwa akisubiri zamu, Chihaya alichukua vitabu vya katuni pale rafuni akavisoma kwa sauti, kila mhusika na sauti yake, jitu likinguruma, bibi kizee akikohoa, na wateja walikuwa wakimwomba asimalize. Nozue mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Wewe mtoto una kipaji." Huenda ndiye mtu wa kwanza kumwambia hivyo. Usiku ule chakula hakikushuka. Alijisingizia tumbo.

Siku zilizofuata aliona aibu ya namna ambayo hakuwa ameijua. Ilimjia akiwa ananoa wembe, akajikuta anaguna peke yake. Ilimjia bafuni, akazamisha uso majini. Akakwepa kwenda dukani kwa Kitsukawa. Alizunguka kwa njia ya mtoni ili asipite mbele ya mlango wake. Fumie alipoleta tofu mezani, Nozue alisema ameichoka tofu.

"Umeichoka tofu?" Fumie alimtazama. "Wewe?"

Jumamosi ikafika, na Mzee Kitsukawa akaja kama kawaida yake. Akavua koti, akalala kitini. Wala hakuonyesha lolote. Nozue alimpaka povu, na benchini Dobashi alikuwa ameshajipanga na wenzake. Alipomaliza kunyoa shavu moja, Nozue akapata wazo ambalo kwa muda ule aliliona la busara.

"Jamani," alisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, "ile *Binti wa Kengele* nimeirudia. Nilikosea. Ile sauti, mkiisikiliza vizuri, ni ya ajabu. Ni sauti ya dhahabu! Sijapata kusikia kilio kama kile."

Dobashi alimkodolea macho. "Kinyozi, umelewa asubuhi yote hii? Si wewe uliyesema paka wa kwenye pipa?"

"Sikusema hivyo. Nilisema..."

"Ulisema! Tena ulilia! Hivi: fu-u-undi, nyaaau!" Na Dobashi, ambaye hakuwa na kipaji chochote cha kuiga, akalia kwa sauti mbaya kupita zote, na wenzake wakajikunja kwa kicheko.

Mzee Kitsukawa akainua mkono kutoka chini ya shuka. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshanyolewa, wa pili una povu tupu. Alijiinua akakaa, akachukua taulo mwenyewe, akajifuta.

"Mzee, bado sijamaliza," Nozue alisema.

"Inatosha."

"Mzee, tafadhali, upande mmoja..."

"Bwana Nozue," mzee alisema kwa upole, kiasi cha kusikiwa na wao wawili tu, "naomba usinisaidie."

Akavaa koti. Akainama kwa benchi zima, kwa adabu ileile, akatoka, akashika njia ya mtaa wa maduka na ndevu zake za shavu moja, akiwaamkia watu waliokuwa wakizoa theluji mbele ya milango yao.

"Vipi tena?" Dobashi aliuliza. "Umemkata?"

Nozue alisimama na wembe mkononi. Angeweza kusema lolote. Akasema, "Yule binti ni mwanawe. Ile sauti ni ya mwanawe."

Masikio ya Dobashi yalibadilika yakawa kama nyanya. Baada ya muda alisema amekumbuka ana safari, na wenzake nao wakakumbuka za kwao.

Nozue alimweleza mkewe kila kitu mchana ule, akidhani atamfariji. Fumie alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kusema hukuipenda sauti, hiyo ni haki yako," alisema hatimaye. "Hata kuiga, basi, watu huiga. Lakini ulimwinamia baba wa mtu ukamwomba acheke nawe."

"Sikujua, Mama."

"Hukujua ni nani. Ulijua kwamba ni binti wa mtu."

Jumatatu, siku vinyozi wanapofunga, Nozue alitaka kununua keki ya sanduku ya kwenda nayo. Fumie akamkataza. "Keki ni ya kumziba mtu mdomo. Nenda mikono mitupu, ukaone haya vizuri."

Mzee Kitsukawa alikuwa amesimama nyuma ya pipa la maji baridi, mikono imezama hadi viwikoni, akikata tofu kwa kisu kipana. Shavu lile la pili alikuwa amejinyoa mwenyewe, na kidevuni pana mkwaruzo. Nozue aliinama mpaka akaona vidole vya viatu vyake.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi. Nilimdhihaki mtoto wako mbele yako. Halafu nikamsifu kwa uongo, tena mbele yako. Sijui kipi kibaya zaidi."

"Cha pili," Mzee Kitsukawa alisema. Aliendelea kukata. "Haya, sasa niambie ukweli. Wewe unazijua hizi, mimi sizijui. Mwanangu anaiweza kazi?"

Nozue alijua kwamba hapa uongo mmoja tu utamaliza kila kitu. "Kile kilio cha sehemu ya tano amekipitiliza," alisema. "Amelia kama mtu anayetaka asikiwe analia. Lakini pale anapozungumza na fundi wake mzee, kwa sauti ya chini, nimepatazama mara nyingi wiki hii. Pale nilisahau kwamba kuna mtu mahali fulani amesimama mbele ya maikrofoni. Anaiweza, Mzee. Bado hajaijua yote, lakini anaiweza."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, taratibu. Alichota kipande cha tofu kwa kiganja, akakiangalia, akakirudisha majini.

"Ile siku ya kwanza," alisema, "shuka lilitikisika. Uliona?"

"Niliona."

"Ulidhani nalia?"

"Baada ya kujua ni mwanao, ndiyo."

"Nilikuwa nacheka. Ulimwigiza vizuri, Bwana Nozue. Ndivyo anavyolia kweli, tangu mdogo. Nikacheka. Mwanangu amekula wali mkavu miaka yote ile kwenye chumba kisicho na dirisha, na mimi baba yake nimelala kitini kwa watu nikamcheka, kisha nikasema mambo hayo siyajui." Alikausha mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Wewe nimekusamehe. Hilo lisikusumbue. Lakini nikikaa kwenye kiti kile nitajisikia nacheka. Sitakuja tena."

Nozue aliinama mara ya pili. Hakuwa na neno la kuongeza, na kwa mara ya kwanza maishani hakulitafuta.

Mzee Kitsukawa hakurudi kweli. Alipeleka ndevu zake kwa kinyozi wa upande wa pili wa reli, na walipokutana njiani waliamkiana kama majirani wazuri. Benchi la Jumamosi lilipungua watu, likajaa tena, kama mabenchi yalivyo. Nozue aliendelea kuulizwa maoni na aliendelea kuyatoa, ila alikuwa akiyatoa polepole, na wengine walisema amezeeka.

Mwezi wa Agosti, watu walipokuja kuzuru makaburi ya wazee wao, Chihaya alirudi nyumbani. Nozue alikuwa akimwagia maji lami ya mbele ya duka, aliposikia anaitwa.

"Mjomba Nozue!"

Alikuwa amekonda, amevaa kofia ya nyasi. Waliulizana hali, wakalaumu joto. Kisha binti akacheka kidogo, akasema, "Uliitazama, Mjomba? Usinifiche. Huko mtandaoni wamenisema sana. Wanasema nalia kama paka."

Nozue aliangalia maji yakikauka kwenye lami. Hakujua kama Mzee Kitsukawa amemwambia bintiye au hakumwambia. Uso wake haukuonyesha.

"Hata mimi nilisema hivyo," alisema. "Hapa dukani, mbele za watu. Nikakuiga. Watu wakacheka."

Chihaya akavua kofia, akaweka mikono mbele, akainama chini sana, kama wanavyoinama wenye kazi yake mbele ya watazamaji wasiowajua.

"Asante kwa kututazama," alisema. "Naomba uendelee kutuunga mkono."

Akavaa kofia, akaenda kwa baba yake. Nozue angependelea kutukanwa. Alibaki pale na ndoo tupu, uso unamwaka, mpaka mteja aliyekuwa ndani akachungulia mlangoni akamuuliza kama leo kuna kunyolewa au hakuna.