Mtoto Anayetazama Chini

Nilipokuwa mtoto, kwetu Makongeni, Bibi hakuogopa bundi wala paka mweusi. Aliogopa mtoto mchanga anayetazama chini. Huyo, alisema, anaitwa na ardhi. Tulimcheka kichinichini, maana Bibi alihama Lamu na vitisho vyake vyote pamoja na vyombo.

Mdogo wangu Idi alizaliwa na kichwa maji, ule ugonjwa wa maji kujaa kichwani. Madaktari walimwekea mrija chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, maji yapate pa kwenda. Wiki chache baadaye akashikwa na homa, akawa anatapika. Jirani yetu, Mama Njeri, alimpapasa ufizi. "Haya ni meno tu, Mama Idi. Wangu pia walikuwa hivi." Mama alitaka sana yawe meno. Nani angependa mwanawe arudi kwenye kisu?

Asubuhi iliyofuata, Bibi akimwogesha kwenye karai, aliacha ghafla kumpaka sabuni. Macho ya Idi yalikuwa yameteremka, weupe umebaki juu. Nyuma ya sikio, ngozi iliyofunika mrija ilikuwa nyekundu.

"Huyu anaitwa. Twende hospitali."

"Mama, hayo mambo ya zamani..." mama yetu alianza.

"Nimesema twende!" Alikuwa ameshamfunga kwa leso, povu bado kichwani.

Daktari alisema vijidudu vimeingia kwenye mrija, na dawa peke yake haitoshi kwa sababu vinang'ang'ania ile plastiki. Wakautoa. Maji yakawa yanatokea nje, kwenye mfuko kando ya kitanda, huku dawa ikipitia mshipani. Walipoyapima na kuyakuta safi, ndipo wakamwekea mrija mpya. Macho, alieleza, huteremka maji yakijaa kichwani. Tungechelewa, tungempoteza.

Bibi alimsikiliza kwa heshima. "Si ndivyo nilivyosema?"

Mama alicheka huku analia.

Sijui Bibi aliitoa wapi imani ile. Nadhani zamani, kabla ya mirija, kuna mama aliyezika watoto wenye macho hayo, akaona awaachie wengine onyo.

Mwaka jana tulimzika Bibi. Idi, ambaye sasa amenipita urefu, alisimama ukingoni mwa kaburi akitazama chini, muda mrefu. Mimi siamini kwamba ardhi huita mtu. Lakini mbele ya watu wote nilimshika ndugu yangu kidevu, nikamwinua uso.