Kufuli la Loren Prochnow

Katika ghala la vipuri vya matrekta hapa mjini Sheboygan hakuna skrubu ambayo Loren Prochnow hajui ilipo. Mkulima akiingia na kipande cha chuma kilichovunjika, hajamaliza hata kulalamika, Loren amesharudi kaunta na kipya. Miaka ishirini na miwili yuko pale na hajawahi kumpa mtu beringi isiyo yake. Tuyaseme haya mapema, asije mtu akadhani kwamba Loren ni mjinga. Mjinga ana udhuru wake, na watu humsamehe. Loren hakuwa na udhuru wowote.

Kilichomponza ni mchezo wa Jumamosi. Watu wanne hukutana chini ya nyumba yake, kwenye kile chumba chenye baa ndogo na friji ya bia, wakakaa mezani wakavaa maisha ya watu wengine. Kila mmoja ana mhusika wake, anamsemea na kumpigania, na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umepata au umekosa. Mmoja tu hana mhusika, kwa sababu yeye ndiye dunia yenyewe. Yeye ndiye mvua, ndiye mfalme, ndiye jambazi aliyejificha nyuma ya mti. Huyo huitwa bwana wa mchezo, na kwa miaka kumi na minne bwana alikuwa Loren, na dunia yake iliitwa Korvanda.

Wachezaji ni watatu. Gordy Tesch ni fundi bomba, mtu wa tumbo na mzaha. Renae Kolbeck ameendesha basi la shule kwa miaka thelathini na moja, na akikutazama kwenye kioo unakaa kitako hata kama una miaka hamsini. Neng Thao hufanya kazi kiwanda cha soseji, na maneno yake kwa siku nzima hayajazi kikombe.

Mwaka wa tano wa mchezo, mji wa Tresk ulitekwa. Mtu wa ndani alifungua lango usiku, adui akaingia, na mhusika wa Renae, mpiga mishale aitwaye Hesk, akapoteza mama na ndugu zake wawili. Ni watu wa kubuni, naam. Lakini Renae alilia pale mezani, akajifuta kwa karatasi ya soseji, akauliza, "Nani alifungua lango?"

Loren akatabasamu, tabasamu la mtu anayejua. "Utajua tu," akasema.

Tangu hapo ilipita miaka tisa. Renae aliuliza wakiwa mezani, aliuliza kwenye mlo wa samaki wa kila Ijumaa, aliuliza siku ya mazishi ya shangazi yake Loren, tena mbele ya jeneza. Jibu lilikuwa lile lile na tabasamu lile lile. Na mchezo, ambao zamani ulichezwa kila baada ya wiki mbili, ukawa wa kila mwezi, kisha wa kila majira, na miaka mitatu ya mwisho walikaa mezani mara nne tu, kwa sababu Loren alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anachagua programu.

Zamani Korvanda yote ilikaa kwenye kabrasha moja lenye madoa ya haradali, na watu walicheza mpaka wakasahau kula. Kisha Loren akaambiwa kwamba watu makini huweka dunia zao kwenye kompyuta. Programu ya kwanza ilimpa fomu. Ilimuuliza urefu wa kila mfalme, dini ya kila kijiji, mazao ya kila bonde, naye akajaza kama mtu aliyeitwa na serikali. Aliandika mila za mazishi za kisiwa ambacho hakuna mchezaji aliyewahi kukisikia. Miezi minane baadaye akaona haifai, akahama.

Ya pili ilichora kila ukurasa kama nukta na kuziunganisha nukta kwa nyuzi. Loren alipenda kukaa akiuzungusha ule utando kwa kidole, huku na huku, jioni nzima. Mkewe, Marlys, akapita na kikapu cha nguo, akasimama.

"Hicho ni kirusi cha mafua ya aina gani?" akauliza.

"Ni Korvanda."

"Mpe pole."

Ya tatu ilikuwa ya majedwali, ya nne ya ramani. Kati ya hapo akapata wazo kwamba mtu aliyestaarabika huweka mawazo yake yote mahali pamoja, basi akahamishia humo humo na mambo ya nyumbani: lini asafishe mifereji ya paa, kiatu cha Marlys namba ngapi, na orodha ya dukani. Programu, kwa utiifu wake, ikaunganisha "maziwa na mayai" na kijiji cha wafugaji cha Lower Umm. Loren hakukata ule uzi. Alisema unaweza kumfaa siku moja.

Mtandaoni alipata wenzake. Wako maelfu, wanaume wazima wenye kazi na mikopo ya nyumba, wanabishana programu ipi ni bora kwa kujenga dunia, na kati ya kumi labda mmoja ana watu wa kucheza nao. Loren aliandika ulinganisho wa programu kumi na moja, mrefu kuliko mkataba wa amani, na watu mia tatu wakamsifu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mchezo wake unaendeleaje. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wazee hawakumwona mtu anayelima majembe.

Kitu alichokitaka kuliko vyote ni kufuli. Kila ukurasa uwe na upande wa wachezaji na upande wa siri, na siri ifungwe isionekane kwa yeyote ila bwana wa mchezo. Programu tatu alizikataa kwa sababu ya kufuli tu. "Mchezaji akiona siri mapema," alimwambia Gordy, "umemuua."

"Kwani wewe unayo siri?" Gordy akauliza, huku akifungua bia.

"Wee! Ukizijua hutalala."

Mwezi wa kumi Renae akatoa habari. Ameuza nyumba. Baada ya Krismasi anahamia Arizona kwa dada yake anayefuga kobe, na harudi.

"Sasa sikiliza, Loren," akasema. "Nataka mchezo mmoja kabla sijaondoka. Mmoja. Na siku hiyo uniambie nani alifungua lango la Tresk. Sitaki kwenda kukaa jangwani namtazama kobe huku najiuliza swali moja. Unanisikia?"

"Jumamosi ya kwanza baada ya msimu wa kuwinda kulungu," Loren akaahidi. "Utapata kila kitu."

Alikuwa na wiki sita. Mtu mwenye akili angekaa na kalamu nusu saa, akaamua nani alifungua lango, akaenda zake kulala. Loren alitazama programu yake ya nne, akaona haiwezi kubeba uzito wa siku hiyo, akaanza kutafuta ya tano. Wiki nne akajaribu moja baada ya nyingine. Wiki ya tano akahamisha kurasa elfu moja mia nne. Wenzake walikuwa porini wamevaa rangi ya chungwa wakisubiri kulungu, yeye yuko nyumbani anachagua rangi ya vichwa vya kurasa. Alhamisi, siku mbili kabla, akawatumia wachezaji kiungo wakasome utangulizi. Kulikuwa na kijisanduku cha kuweka alama. Akakiwekea alama bila kusoma, yeye aliyesoma kila kitu kuhusu vijisanduku, na makufuli yote yakafunguka.

Jumamosi mchana theluji ilikuwa imeanza. Loren alichoma soseji nje barazani, akazitia kwenye mikate ile migumu ya hapa kwetu, akashusha chini na vitunguu na haradali. Akafungua kompyuta mezani. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Aliamini, na hili ndilo la kukasirisha, kwamba mwaka huu amejiandaa.

Wakaingia mmoja mmoja wakigongesha viatu. Gordy hakutania, na hilo pekee lingemtosha mtu mwenye macho. Neng alikaa mahali pake. Renae alikaa bila kuvua koti.

Loren akasugua mikono. "Haya. Mara ya mwisho mlikuwa mnakaribia magofu ya Tresk, ukungu umetanda..."

"Tumeona," Renae akasema.

"Mmeona nini?"

"Kila kitu. Kiungo chako kilikuwa wazi. Nilifungua ukurasa wa lango juzi baada ya kurudisha watoto. Nilikaa ndani ya basi nikasoma." Akatoa simu, akavaa miwani. "Urefu wa lango, futi kumi na nane. Mbao, mwaloni wa Brenn. Majina ya waashi wawili, na mke wa mmoja wao. Machimbo ya mawe, bonyeza hapa. Halafu huku chini, penye kufuli. 'Aliyefungua lango: jaza baadaye.'"

Loren alisikia masikio yanawaka.

"Nikasema labda kosa," Renae akaendelea. "Nikafungua siri ya mfalme. Jaza baadaye. Kilichomo nyuma ya mlango wa shaba. Jaza baadaye. Nilizifungua mia na kitu, Loren. Nilichelewa zamu ya jioni."

"Ni muundo tu," Loren akasema. "Kwanza unajenga muundo, halafu..."

"Miaka tisa, bwana!" Gordy akadakia. "Muundo wa nini? Hata mbwa anayechimba shimo ana mfupa kinywani!"

"Basi niambie sasa," Renae akasema. Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Funga hiyo kompyuta. Mimi ni Hesk, nimesimama mbele ya lango. Nani alilifungua?"

Jina lolote lingetosha. Angemtaja mlinzi, mpishi, padri, Renae angelipokea na angeenda nalo Arizona. Loren alifungua kinywa. Alitafuta ndani yake mahali ambapo Korvanda ilikuwa zamani, enzi za lile kabrasha la haradali, akakuta rafu zimepangwa vizuri sana na hakuna kitu juu yake. Alisikia aibu, na ilimstahili. Macho yake, pasipo yeye kuyatuma, yakarudi kwenye kioo cha kompyuta.

Ndipo Neng Thao akaweka mkate wake chini.

"Mimi nilidhani ni mimi," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Usiku ule, Loren aliuliza nani ana zamu ya lango. Nikasema Dorro." Dorro ndiye mhusika wake, mhunzi. "Akarusha dadu, akaificha kwa mkono. Akanitazama mimi, akatabasamu. Nikaelewa ananiambia kwa siri. Nimefungua mimi, na nisiseme."

Dadu ile ilikuwa ya kuamua kama mvua itanyesha. Loren aliikumbuka vizuri, na alikumbuka kwamba alitabasamu kwa sababu hakuwa na la kusema. Hakulitamka.

"Ndiyo maana Dorro halali ndani ya ukuta," Renae akasema polepole.

"Miaka tisa," Neng akasema. "Mvua, theluji, analala nje ya lango. Na fungu lake la hazina anawapelekea yatima."

"Na mimi nikimcheka kila safari!" Gordy akasema. "Nikimwita kondoo. Aisee, Neng, si ungenikanyaga hata mguu?"

Loren naye alikuwa nalo miaka yote. Lilikuwemo kwenye ukurasa wa Dorro, chini ya "tabia": hulala nje, hutoa mali. Alilinakili kwa mkono wake kutoka programu hadi programu, mara nne, na hakulisoma hata mara moja.

Renae alivua koti. Akavua na miwani, akamtazama Neng kwa jicho lile la kioo cha basi, ila lilikuwa na maji.

"Dorro," akasema, na sasa haikuwa sauti ya Renae. "Mama yangu alikuwa amelala."

"Najua," Neng akasema. "Walinionyesha binti yangu, kisu shingoni. Wakasema, lango au huyu."

"Na yuko wapi binti yako?"

"Walimuua hata hivyo."

Gordy alikuwa ameshika soseji angani na haradali inamdondokea mkononi. Hesk akachomoa mshale. Renae akanyoosha mkono bila kutazama, akaichukua dadu ya pande ishirini iliyokuwa mbele ya Loren, ile ya bwana wa mchezo ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuigusa, akaifumbata.

"Piga magoti," akamwambia Neng. "Sijaamua bado."

Ulikuwa mchezo bora kuliko wote uliochezwa chini ya nyumba ile, na mwenye nyumba hakuwemo. Vidole vya Loren vilikuwa kwenye vitufe. Alikuwa anaandika haraka haraka, mashavu mekundu, mwenye furaha, maana hatimaye alikuwa na kitu cha kuweka penye kufuli.

"Samahani," akasema. "Ngojeni kidogo. Hii niiweke chini ya Wahusika au chini ya Matukio?"

Renae hakugeuka. Neng alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, mtu mzima wa miaka arobaini na nane, kichwa chini.

"Iweke kwenye maziwa na mayai, Loren," Gordy akasema kwa sauti ndogo.

Na Loren, Mungu amsamehe, akaanza kuitafuta ile orodha.